Mrututu hauzuii enzaimu ya hamira?

Skuli_Wete: Assalaamu alaykum. Wanafunzi wamepima kasi ya katalesi ya hamira (enzaimu inayovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni): ml 5 za haidrojeni peroksaidi, ml 2 za maji ya hamira, oksijeni ikasomwa baada ya dakika 5. Kwa 0.5% wamepata ml 8, 1% ml 17, 2% ml 33, 3% ml 49. Grafu imenyooka, haipindi kama ya vitabuni. Walipotia matone ya mrututu (salfeti ya shaba), majibu yale yale. Kizuizi gani hiki?

Maalim_Kemia: Waalaykumu salaam. Mrututu hauna kosa, tazameni saa. Peroksaidi ya 3% ikivunjika yote, kila ml 1 hutoa karibu ml 10 za oksijeni. Ml 5 zinatoa 50, nanyi mmepata 49! Sabstreti (kitu kinachovunjwa na enzaimu, hapa peroksaidi) ilikwisha kila neli, kwa hiyo mmepima kiasi cha peroksaidi mlichotia. Kizuizi hupunguza kasi. Gesi ya mwisho inaweza kubaki ile ile.

Someni kila sekunde 5 mpaka 30, mchukue mteremko wa mwanzo wa grafu. Gesi ikiwahi kumalizika, zimueni hamira: gramu 1 kwa ml 100 za maji, na ikibidi tena mara kumi. Mrututu uchanganywe na hamira kwanza, ukae dakika 5, ndipo peroksaidi. Neli isiyo na mrututu itiwe maji kiasi hicho hicho, la sivyo hamtojua kilichopunguza kasi ni shaba au ni kuzimuliwa.

Bi_Maabara: Naongezea: msitarajie grafu ilale kabisa. Katalesi haishibi upesi, na peroksaidi kali huiharibu yenyewe. Neli zikae kwenye beseni la maji, maana mmenyuko huu unatoa joto.

Kizuizi kinachogombea sehemu tendaji (pale enzaimu inaposhikia sabstreti), kama maloneti kwa enzaimu ya saksineti dihaidrojinesi, hushindwa sabstreti ikizidi: kasi ya juu ni ile ile, Km (kiwango cha sabstreti kinachofikisha nusu ya kasi ya juu) hupanda. Shaba hushika kwengine na kuharibu umbo la enzaimu. Ongeza peroksaidi utakavyo, kasi ya juu imeshashuka. Chora 1/kasi dhidi ya 1/sabstreti. Mistari ikikutana kwenye mhimili wa wima, kizuizi kinagombea. Kwenye mlalo, hakigombei.

Skuli_Wete: Ahsanteni sana. Chupa iliyofunguliwa zamani inafaa?

Maalim_Kemia: Ipimeni kwa njia yenu ile ya dakika 5, hapo ndipo mahali pake. Ml 1 ikitoa ml 6 tu, imebaki karibu 1.8%, andikeni hiyo, si ya kwenye lebo.