Nguzo ilitangulia ghorofa: Mwanza tuzike nyaya, au kila mtu abebe msalaba wake?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Hili nalileta kwa sababu limenikuta mwenyewe, na nusu ya kosa ni langu. Nyumba yetu iko Nyamanoro. Mzee aliijenga ya chini, bati la kawaida, na laini ya umeme ikapita mbele yake huko juu kabisa. Hakuna aliyeiwaza. Mwaka huu nimepandisha ghorofa. Slabu imemwagwa, mafundi wakaanza kusimamisha nondo za juu, na asubuhi moja fundi mkuu akaniita: "Bosi, njoo usimame hapa uone." Nikasimama ukingoni, pale panapotakiwa kuwa kibaraza. Nyaya tatu, uchi, usawa wa kifua changu. Zile zilizokuwa juu ya bati la mzee sasa zinapita mbele ya mlango wa chumba cha mwanangu.

Kazi nimeisimamisha. Tangu siku hiyo natembea mjini nikiangalia juu kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Nimeona mengi. Kirumba kuna jengo limezungushiwa mirunda, na waya unapita katikati ya mirunda miwili, fundi anainama chini yake na karai la zege kichwani. Buzuruga kuna nguzo imejengewa ukuta pande tatu ikawa ndani ya duka, na mwenye duka katundika mikungu ya ndizi kwenye msumari alioupigilia humo humo. Wateja wanazoea. Na mimi nilinunua ndizi, sikusema kitu.

Mji wetu umeamua kupanda juu, hilo hatubishani. Tumekuwa jiji tangu 2000, Ilemela ikapata halmashauri yake 2012, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, na reli ya SGR ya kutoka Isaka, kilomita 341, inakuja. Watu wanaongezeka, viwanja vya katikati vimekwisha, kilichobaki ni kuongeza ghorofa juu ya msingi wa baba. Lakini nyaya ziliwekwa enzi za nyumba za chini na ziko pale pale.

Msimamo wangu nausema mapema ili msinizungushe: sitaki tuzike nyaya za jiji zima, haiwezekani. Nataka mambo mawili. Kwanza, kila barabara inapofumuliwa ilazwe mabomba matupu pembeni na ya kuvuka, ili siku pesa ikipatikana kebo ipitishwe bila kuvunja lami mpya. Tunajenga barabara leo, mwakani inachimbwa kwa ajili ya maji, mwaka unaofuata kwa ajili ya intaneti. Pili, hakuna kibali cha kupandisha ghorofa bila mchoro kuonyesha laini inapita wapi na kwa urefu gani. Michoro yangu ilikuwa na choo, shimo la maji taka na umbali kutoka kwa jirani. Waya haukuwemo. Mchoraji wangu hakuuweka, na mimi sikumuuliza.

Karibuni.

Mwana Bugando

Mkuu, unajikunja mapema mno. Kwa nini tusizike? Ziwa letu lina radi kuliko sehemu nyingi za dunia hii, na nyingi zinapiga usiku. Ikinguruma upande wa ziwa saa nane, mtaani kwetu tunajua friji limekwenda likizo. Kongoti nao: lile lidege likitandaza mabawa kati ya nyaya mbili, mtaa mzima gizani. Kebo iliyozikwa haijui kongoti wala tawi la mwembe. Jiji gani la maana lina nguzo zilizopinda hadi zinasalimia magari?

Mponda kokoto

Wanaosema tuzike hawajawahi kuchimba hata shimo la choo Mabatini.

Nieleze kazi yetu, maana watu wanaona kokoto tu. Jiwe kubwa hulianzi na nyundo. Unalikokea moto juu yake, linachemka muda mrefu, linaanza kulia lenyewe "ta, ta". Likishatoa ufa ndio unaingiza mtaimbo, ndio nyundo inafuata. Siku nzima mnaweza kumaliza mkabaki mnaangalia shimo ambalo kuku akilala linajaa. Sasa mniambie mtaro wa kebo kutoka chini Mabatini hadi juu kule zilipo nyumba za mwisho. Angalieni mabomba ya maji mlimani: yamelazwa juu ya mawe, watoto wanayarukia wakienda shule. Maji yenyewe yameshindwa kuzikwa, itakuwa umeme?

Kama ni kazi ya kuchimba mkitupa sisi vijana, tutachimba. Lakini pesa muwe nayo kweli.

Mpangaji wa Igoma

Ninyi mnajadili urembo wa mji. Mjini kuunganishiwa umeme wa njia moja, ndani ya mita 30 na bila nguzo, ilipangwa shilingi 320,960 tangu Januari 2022. Ukihitaji nguzo moja, 515,618. Nyumba ninayopanga tuko familia tano kwenye mita moja na kila wiki tunagombana nani ana pasi. Hiyo pesa ya kuzika waya mbele ya ghorofa ya mtu mwenye ghorofa, waunganishieni wasio na waya wowote. Nguzo mbaya ni bora kuliko kibatari.

Fundi wa laini

Nimefanya kazi ya laini miaka mingi, sasa napumzika. Wote mmeongea kuhusu pesa na mawe, ila hakuna aliyegusa jambo linalonikosesha usingizi.

Umeme ukivuja unatafuta ardhi. Waya ukikatika ukaangukia udongo wenye unyevu, mkondo mkubwa unapita ardhini, mitambo ya kinga inastuka na kukata laini. Jiwe letu la Mwanza, likiwa kavu, halipitishi umeme vizuri. Waya unaweza kuangukia jiwe, mkondo unaopita ukawa mdogo mno, kinga isihisi chochote, na laini ikabaki na moto. Waya umelala pale juu ya mwamba umetulia kama kamba ya kuanikia nguo. Hautoi cheche, hautoi moshi. Mtoto anaona kamba.

Hata zile fimbo za ardhi za transfoma na za majumbani, kuzizamisha kwenye jiwe ni vita. Nimeona fimbo iliyokatwa na vishoka, wale mafundi wasio na kibali, kipande kinachoonekana nje ni chote kilichopo. Ndani hakuna kitu.

Kwa hiyo mlimani mimi sisemi zikeni nyaya, nasema zivisheni. Zipo nyaya zenye ganda, zinasokotwa pamoja kwenye shada moja, zinafaa kabisa kwa laini ndogo za majumbani. Zikigusa tawi hazina neno, zikianguka si kaburi la moja kwa moja, na mwizi wa umeme anapata tabu kuzing'ang'ania. Chini kwenye tambarare, katikati ya mji, hapo zikeni, sipingi.

Ila Mwana Bugando ajue kebo nayo ina jeuri yake. Ya juu ikikatika naiona kwa macho, napanda, nafunga, jioni mnapika. Ya chini ikiharibika inabidi upime na utafute ilipopasukia, uchimbe, uite mtu anayejua kuunga. Zanzibar walikaa gizani takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya kebo moja kutoka bara.

Mwana Bugando

Mzee, Zanzibar ilikuwa kebo moja ya baharini bila mbadala. Mtaani unaweka mbili, moja ikifa nyingine inabeba. Hilo la jiwe lakini sikulijua, na nakiri nimewahi kuuruka waya ulioanguka nikidhani umeme umeshakatwa.

Fundi wa laini

Usirudie. Na ukiukuta, usikimbie kwa hatua ndefu. Buruza miguu, iwe pamoja, ondoka taratibu, zuia wengine wasisogee.

Mama Kitangiri

Swali la nani alipe mmelikwepa kiungwana. Nguzo ilikuwepo kwanza, ghorofa likaja baadaye. Anayetaka ihame alipe yeye. Mradi wa barabara ukitaka ihame, mradi ulipe. Mbona rahisi? Jirani yangu aliisukumia nguzo upande wetu kwa maneno matamu kwa mwenyekiti wa mtaa, sasa iko mlangoni kwangu na mimi sina hata ghorofa.

Mleta mada

Mama, hapo umenishika. Kulipa nitalipa, sikatai. Lakini nikihamisha nguzo yangu mita nne, inahamia mbele ya nani? Ndiyo maana nasema mtu mmoja mmoja hatuwezi, mtaa mzima upangiwe njia moja ya nyaya. Sisi wenye ghorofa tuchange zaidi kwa kuwa ndio tuliozifuata huko juu. Mpangaji wa Igoma naye nimemwelewa: pesa ya wote isianzie kwangu.

Na Mzee wangu Fundi, naafiki nyaya za ganda kwa mlimani. Kwangu je? Kutoka ukingo wa slabu hadi waya wa karibu nilipima jana, nikapata kama mita moja na robo.

Fundi wa laini

Ulipima na nini?

Mleta mada

Futi ya fundi. Ile ya chuma inayojikunja.

Fundi wa laini

Kijana! Ule ni umeme mkubwa, hausubiri uguswe. Ukisogeza chuma karibu, wenyewe unaruka kukifuata. Usinyooshe kitu chochote pale. Si futi, si nondo, si fimbo ya mti mbichi. Nondo moja ina mita 12, fundi wako akigeuka nayo bila kuangalia hakuna wa kumzika ila wewe. Shusha vijana wote kwenye slabu hiyo, zuia ngazi kwa mbao, kesho asubuhi nenda ofisi ya umeme ukaandike barua waje wapime wao kwa vifaa vyao. Usimtume mtu, nenda mwenyewe.

Mponda kokoto

😂 Ghorofa la bosi lilitaka kutuzalia msiba.

Mleta mada

Nimeshamfungia fundi ngazi usiku huu huu. Kesho saa moja na nusu niko mlangoni kwao. Mama Kitangiri, nikirudi na majibu ya bei nitayaweka hapa hapa, nawe unisomee hesabu.