Mnaotega nyaya za klachi kwenye minyaa: mbwa wangu kapona, hasira haijapona

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na bandeji mkono wa kulia, herufi zikiruka mtanivumilia.

Mi nafuga kuku wa kienyeji na chotara nje kidogo ya mji upande wa ziwani, na Mwanza mnaijua, mbele ya nyumba mawe, nyuma mawe, na kwenye hayo mawe kuna kila kitu, pimbi, kenge, nguchiro, na yule bwana wa madoa mwenye mkia wa pete pete anaitwa kanu. Toka mwezi wa tatu nimeliwa kuku 23. Kenge hanisumbui sana, yeye ni mayai, anameza na ganda lake asubuhi unakuta kiota kisafi kama kimefagiliwa. Kanu ndo balaa, anakuja usiku, unaamka unakuta kuku kalala chini kichwa hana. Kwaiyo asitokee mtu hapa kuniambia sijui uchungu wa kuliwa mifugo.

Sasa jirani yangu, mtu mzima, tunaheshimiana, watoto wetu wanasoma darasa moja, kaamua dawa ni nyaya. Ule waya wa klachi uliochakaa ambao mafundi wa bodaboda wanautupa, anapiga kitanzi, anaufunga kwenye shina la mnyaa wa uzio pale chini kwenye vile vitobo wanakopita wanyama. Siyo mmoja jamani, nilikuja kuhesabu 14. Katega vyote halafu kaenda msibani Sengerema siku tatu. SIKU TATU hakuna mtu wa kuangalia nini kimenasa, na watoto wanapita humo humo kwenda kuchota maji!

Mbwa wangu Jimi akapotea Ijumaa usiku. Jumapili alfajiri mwanangu akasema baba kuna kitu kinalia kule kwenye mawe, na kweli, hata siyo kubweka, ni kama bawaba ya mlango isiyo na oili. Tukamkuta kalala ubavu. Mguu wa mbele umevimba kama mhogo, waya huuoni kabisa, manyoya yamefunika juu, unapapasa na kidole unakutana na kidonda tu, na kila akivuta kinazidi kubana maana kitanzi cha waya hakijui kulegea. Nikaingiza plaizi kwa kubahatisha, ikakata, na hapo hapo akanipa meno. Simlaumu hata kidogo. Maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, mama watoto kasimama na simu anahesabu, kisha hospitali kuanza sindano za kichaa cha mbwa, maana Jimi kweli ana kadi ya chanjo lakini siku mbili kafungwa porini hujui kaumwa na nini, na kichaa kikishaonyesha dalili hakuna wa kukutibu. Daktari wa mifugo kauokoa mguu. 45,000 imetoka mfukoni mwangu.

Hatua kama tano kutoka pale kulikuwa na kitanzi kingine, kanu kafa ndani. Jike. Chuchu zimejaa maziwa. Mi ndo niliyeliwa kuku 23 na huenda huyo huyo ndo mwizi wangu, ila nilivyoona zile chuchu nilikaa chini wakuu, maana yake kwenye mawe pale kulikuwa na vitoto vinasubiri.

Jirani karudi nikamfuata kistaarabu, nikamwamkia, nikamweleza. Mnajua alinijibu nini? "Mtego wangu haukumwita mbwa wako." Na ukutani kwake kuna ngozi nyingine kaiwamba kwa misumari, eti kuna mganga anaihitaji. Huyu mtu kichwani mwake wanyamapori ni wale wa Serengeti na kisiwa cha Saanane, huyu wa nyuma ya choo ni wa kwake. Nikamwambia mzee wangu, Sheria ya Wanyamapori namba 5 ya 2009 inakataza kuwinda kwa vitanzi, mashimo, sumu na makorokoro yote hayo, na ngozi hiyo bila kibali ni nyara ya serikali, hao unaosikia redioni wamekula miaka 20 wengine walikutwa na vipande vya nyama tu. Akacheka. Akasema yeye anamtegea mbiti, yaani fisi, hizo nyingine zinanasa kwa bahati mbaya.

Hapo kwenye fisi kidogo namwelewa. Magu huko na Simiyu watu wamejeruhiwa, watoto wamebebwa, hiyo siyo hadithi. Ila fisi ndo wa kumpigia simu afisa wanyamapori aje na askari na bunduki, siyo waya wa klachi, fisi mwenye kitanzi shingoni aliyefanikiwa kuukata waya ndo utakutana naye vizuri. Na sheria inakuruhusu kumuua mnyama ukiwa unajitetea, ilimradi utoe taarifa, mzoga ni wa serikali. Mama mmoja jirani yetu yeye kasema fisi asiguswe kabisa ana mwenyewe, hayo nawaachia wenyewe.

Kuna na mwingine huku anapaka dawa ya pamba kwenye utumbo wa kuku anautupa kwenye mawe. Huyo sina hata la kumwambia, kaulizeni tai na mbwa wa mtaa mzima.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote. Mimi nilitaka kufanya kihalali. Nilimpa fundi wa mageti 60,000 akanichomelea kizimba cha wavu, mlango unaanguka mnyama akigusa chambo, hakimkati mtu mguu, unakiweka kivulini, unakiangalia kila alfajiri, kikinasa paka wa jirani unafungua anaenda kwao. Ila hata kizimba kinataka ruhusa, nikasema sawa, naifuata. Kata wakanituma wilayani. Wilayani mhusika yuko ziara. Wiki ya pili yupo, anataka barua yenye mhuri wa mtaa. Mtaani mhuri una "hela ya wino" 5,000, risiti hakuna. Nikarudi na barua, mhusika yuko ziara tena. Wiki ya tatu naambiwa huyo kanu nimpige picha kwanza nithibitishe. Usiku! Mnyama anayekuja saa tisa usiku nimpige picha! Na nilivyoripoti zile nyaya 14, ofisi hiyo hiyo ikaniambia mkayamalize kijirani.

Nyaya zote nimezing'oa mwenyewe, ziko kwenye ndoo, anayezidai aje azichukue mbele ya mashahidi. Bandani nimebadilisha wavu, nimeweka wa nusu inchi na kuufukia chini futi moja, toka hapo sijaliwa kuku hata mmoja. Nilipaswa kuanzia hapo, najua, msinianze.

Kibali bado sijapata. Kizimba cha elfu sitini kipo stoo, tetea mmoja kakipenda, kataga humo mayai tisa na sasa analalia.