Kabureta za Weber tatu au SU mbili? 240Z yenye injini ya L28, gari iko Malindi

zeti_shela
Assalam aleikum wadau. Nina Datsun 240Z ya 1972, bodi nimeimaliza, ile injini yake ya L24 nimetoa nikaweka L28, yaani kutoka cc 2393 mpaka 2753, kamshafti kali kidogo, hedi imepanuliwa njia za hewa. Kabureta bado ni zile SU mbili za Hitachi zilizokuja na gari. Injini ilifungwa na kutyuniwa Nairobi. Tangu niishushe huku inanisumbua, nikitoka Gede nikikanyaga inasita, inakohoa kwa kabureta, pah, ndio iende. Sasa kuna jamaa anauza Weber 40 DCOE tatu na manifodi yake, na mwengine ana Mikuni 44 tatu. Si gari ya mashindano hii, ni ya Ijumaa jioni na safari za Mambrui, mara moja moja Sala Gate, lile lango la Tsavo, kwenye vumbi. Nipeni ukweli nisije nikatupa pesa.

tatu_pembeni
Nunua hizo Weber kaka. Mimi niko nazo mwaka wa nne, kila silinda ina koo lake yenyewe (njia ya hewa ndani ya kabureta), ukigusa ekseleta injini inaitika pale pale, SU haiwezi kukupa hivo hata uifanye nini. 40 zinatosha, usidanganywe na mtu wa 45, injini yako ya barabarani ukiiwekea koo kubwa hewa inapita polepole chini ya rpm 3000 na gari inakuwa nzito mjini. Weka koo la 34, jeti kubwa (kile kitundu cha kupima petroli) anzia 135, ya hewa 185, tyubu za kuchanganyia za F16 au F2 kwa sababu silinda yako moja ni kama cc 459. Hapo ni pa kuanzia tu, baadae unasoma plagi kwa rangi yake. Na presha ya petroli isizidi psi 3.5, weka regyuleta, ukipuuza hilo floti zinashindwa kufunga na petroli inamwagika juu ya eksozi ya moto.

ammi_wa_ngalawa
Wa aleikum salaam mwanangu. Kabla hujatoa hata shilingi ntakuuliza, plagi umezitoa ukaziangalia? Maana umesema mwenyewe injini imetyuniwa Nairobi. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ya kule nyepesi, ya huku baharini ni nzito, kwa hivyo fundi wa kule akipima petroli kulingana na hewa yake, gari ikifika hapa inakuwa na njaa. Hewa nyingi petroli kidogo, ndio hiyo kukohoa kwako. Na hata ukifunga hizo Weber, ukiletewa na jeti za Nairobi tatizo litakuwa hilo hilo, utapanda jeti hatua moja au mbili na kila hatua ni jeti sita sio moja.

Weber siwezi kuzisema vibaya, nimezifungua hapa Malindi kwenye Alfa na Fiat za Wataliano tangu kijana, hata jina nlifundishwa na mteja, doppio corpo orizzontale, miili miwili iliyolala. Zimeanzia Bologna. Kabureta nzuri sana. Lakini Weber hairekebishi kitu yenyewe, inafanya ulichoiambia tu. SU ile pistoni yake inapanda na kushuka kufuata mvuto wa injini na nido, ile sindano ya kupima petroli, inafuata, ndio maana mtu anaweza kuishi nayo miaka.

vumbi_la_sala
Na hapo kwa vumbi msipite haraka jamani. Mimi nlitoka Malindi mpaka Sala Gate na tarumbeta za wazi, zile zisizo na filta, kwa sababu nilipenda mlio. Kurudi nlifungua nikakuta mchanga mwekundu umekaa kwenye mdomo wa kila koo kama unga wa mtama, ukipitisha kidole unasaga. Ring zikaisha kabla ya muda wake. Ukichukua Weber nunua filta siku hiyo hiyo, na uangalie nafasi, ndani ya Z pembeni hapo pamebana.

mwambao_garage
Mikuni 44 ziache. Kabureta safi, zile Z432 za Japani, ndugu za hiyo Z yako, zilitoka na Mikuni 40 tatu, lakini siku jeti moja ikipotea utaitafuta Pwani nzima. Spea za Weber zinatengenezwa mpaka leo.

Jambo jengine ambalo watu wa huku wanasahau ni joto. Injini ya L hewa inaingia na moshi unatoka upande mmoja, kabureta zimekaa juu ya eksozi kabisa. Miezi ya kaskazi ukizima gari dakika kumi sokoni petroli inachemka ndani ya kibakuli, ukirudi haiwaki mpaka uikanyage hadi chini. Iwe SU iwe Weber, bati la kuzuia joto ni lazima. Na zile raba za Weber kwenye manifodi zikikauka zinanyonya hewa, utazunguka na bisibisi wiki nzima bure.

zeti_shela
Ammi shukran sana. Nimetoa plagi leo, zote sita nyeupe kama chokaa, kweli ni njaa ya petroli, ya sita ndio mbaya zaidi. Skrubu za chini za SU zilikuwa zimefunguliwa mizunguko miwili, nimepeleka mpaka karibu mitatu na kukohoa kumepungua sana wallahi. Lakini kupita rpm 4000 bado inakosa nguvu.

ammi_wa_ngalawa
Hapo ni nido. Skrubu inasaidia zaidi chini, juu anaamua unene wa nido, na yako imechongwa kwa injini ya 2400. Watu wengi wa L28 wanaweka nido ya aina ya SM. Lakini kwanza inua pistoni ya kila SU kwa kidole uiachilie, lazima iteremke ilingane na mwenzake na mwisho ilie tak, chuma kwa chuma. Isipolia inakwama.

zeti_shela
Ya mbele imelia tak. Ya nyuma imeteremka kama inashuka ngazi, kimya. Nimefungua kofia ya hiyo kabureta nikakuta unga mweupe wa chumvi ukutani na mafuta ya juu yamekauka kabisa. Ndio maana plagi ya sita, ya upande wake, ilikuwa mbaya zaidi.

mwambao_garage
Gari imelala wapi?

zeti_shela
Banda la makuti, mita mia kutoka baharini. Nimesafisha na petroli na kitambaa, sijatumia msasa. Sasa inalia. Nido za SM ntaagiza.

tatu_pembeni
Vizuri, lakini mimi bado nasema chukua zile Weber uziweke kabatini, zikiuzwa seti ya tatu pamoja na manifodi hutaiona tena karibu.

ammi_wa_ngalawa
Kwenye kikombe cha juu cha SU tia mafuta mepesi, namba 20, usitie ya injini ya 40, pistoni itachelewa kupanda. Njoo Jumamosi baada ya alasiri tuzipime mbili zivute sawa, na usizifute zile plagi, nataka kuziona.