Kukojoa anakwenda mwenyewe, haja kubwa mpaka avishwe nepi

Mama wa Mmoja
Wazazi wenzangu, habari zenu. Mwanangu ana miaka 5, ana usonji, maneno yake hayafiki 20. Mkojo tulishamaliza, anakwenda mwenyewe. Shida ni haja kubwa. Ikimbana anafungua kabati, anatoa nepi, ananiletea. Nikimvisha anajificha nyuma ya pazia, dakika 2 kamaliza. Nisipomvisha, anabana. Juzi nilijikaza nikaficha nepi zote. Akakaa siku 4 bila kupata choo, usiku analia kashika tumbo. Siku ya 5 nikazirudisha. Shangazi yake anasema namdekeza. Semeni ukweli, nimekosea wapi?

Baba Macho Mekundu
Dada, kuzirudisha hukukosea. Mtoto akibana, kinyesi kinakauka, siku ya kutoka kinamuumiza, basi safari ijayo anabana zaidi. Wetu ilifika mahali anachafua nguo kwa majimaji, tukadhani anaharisha. Kumbe choo kigumu kimeziba, na yale majimaji yanapenya pembeni! Daktari alipompapasa tumbo ndipo tukajua. Akapewa dawa ya kulainisha, na mafunzo ya choo tukayaweka kando hadi maumivu yakaisha. Anzia kwa daktari. Huyo shangazi mpe zamu ya usiku mmoja.

Mama Vidoti
Mwenzangu, mtoto anayekuletea nepi anajua kuwa imembana, na anajua kusubiri. Wangu hata hilo hakuwa nalo, alikuwa anashtukia kimeshatoka. Kwa hiyo nepi usimnyang'anye, ihamishe. Mimi nilianza kumvisha chooni tu, kwingine kokote hapana. Wiki kadhaa alijisaidia amesimama kwenye kona ya choo, nami nikamwacha. Baadaye akawa anakaa juu ya kifuniko, nepi mwilini. Kisha kifuniko nikakifunua. Kisha nikaanza kutoboa nepi kwa mkasi, tundu linakua kidogo kidogo, mpaka ikabaki kama mkanda kiunoni. Nyumbani walinicheka sana. Siku moja aliingia bila huo mkanda, wala hakuniaga. Ilituchukua miezi 7, kwa hiyo wanaojigamba na siku 3 waache na siku zao.
Angalia na miguu. Ikining'inia hawezi kusukuma vizuri, mwekee kigoda. Na saa nzuri ya kumkalisha ni muda mfupi baada ya kula, tumbo linapoamka.

Mwalimu wa Wadogo
Nyongeza ndogo. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye hakuogopa choo, aliogopa mngurumo wa maji. Tukawa tunamwacha atoke kwanza ndipo tuvute. Halafu usimuulize "unataka kwenda?" maana jibu ni hapana siku zote. Mwonyeshe picha: choo, halafu bembea. Na bembea aipate palepale, si jioni.

Baba Macho Mekundu
Picha wangu alizitafuna, mwalimu. Tukahamia kumpa kopo la sabuni ya kupuliza mapovu akiwa amekaa. Akipuliza, tumbo linasukuma lenyewe.

Mama wa Mmoja
Narudi baada ya wiki 3. Daktari kakuta tumbo limejaa kweli, anakunywa dawa, analala. Nepi sasa inavaliwa chooni tu. Siku 2 za kwanza alikuwa ananivuta turudi kwenye pazia lake, nikalitungua nikalitundika kulekule chooni. Jana alikaa juu ya kifuniko, nepi mwilini, miguu kwenye kigoda, akanisukuma kwa mkono nitoke. Nikatoka, nikasimama mlangoni nasikiliza.

Mkasi bado sijaugusa.