Mtoto wa mkimbizi asome mtaala wa nchi aliyoikimbia au wa nchi aliyomo?

Mwalimu wa Kasulu

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kasulu, na kwa muda mrefu nimefahamiana na walimu Warundi na Wakongo wanaofundisha ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tunaishi wilaya moja, lakini kielimu kila mmoja wetu yuko katika nchi yake. Wanafunzi wangu wanasoma kwa Kiswahili na kujiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Watoto wa Kirundi wanaanza kwa Kirundi, kisha wanahamia Kifaransa, wakifuata mtaala wa Burundi. Watoto wa Kikongo, ambao wengi wao nyumbani wanazungumza Kiswahili cha Kivu, wanafundishwa kwa Kifaransa na kuandaliwa kwa mitihani ya Kongo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996, kwa hiyo wapo wazazi waliozaliwa humo, wakasomeshwa jiografia na uraia wa Kongo ambayo hawajawahi kuikanyaga, na sasa wanawapeleka watoto wao katika shule zilezile.

Hoja inayotolewa naielewa: ukimbizi ni wa muda, na mtoto anapaswa kuandaliwa arudi kwao bila kupotewa na masomo. Ninalotaka kujua kutoka kwa waliopitia hali hii, hapa Tanzania au kwa majirani, ni kama mtaala wa nyumbani humsaidia kweli mtoto anaporudi, na kama hakurudi, elimu hiyo humfikisha wapi.

Mzaliwa wa Mishamo

Shikamoo Mwalimu. Wazazi wangu walitoka Burundi mwaka 1972, na mimi nimekulia katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania, ambako, kama ilivyokuwa Katumba na Ulyankulu, tulisoma mtaala wa Tanzania tangu darasa la kwanza. Asubuhi tulipanga mistari, tukaimba wimbo wa taifa, tukafundishwa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Jioni wazee walitusimulia Burundi. Katika simulizi zao mwaka 1972 ndio uliokuwa kiini cha yote, kwa sababu katika mauaji ya mwaka ule, yaliyofanywa na jeshi lililoongozwa na Watutsi, Wahutu waliosoma ndio waliotafutwa kwanza: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Kwa miaka mingi baadaye wako wazazi waliobaki Burundi ambao waliogopa kumpeleka mtoto shule, kwa kuwa walikuwa wameona kisomo kikimtia mtu katika orodha ya kuuawa. Kwa wazee wetu, kwa hiyo, kumwona mtoto akisoma bila mtu kumuuliza kabila lake lilikuwa jambo zito kuliko cheti chenyewe, na hilo sidhani kama sisi watoto tulilitambua wakati ule.

Ilipofika mwaka 2007 na 2008 tuliulizwa, kaya kwa kaya, kama tunataka kurudi au kuomba uraia. Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki, na watu zaidi ya 162,000 walipewa uraia wa tajnisi, vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Siwezi kusema ni shule peke yake iliyoamua jambo hilo, kwa sababu tulikuwa na mashamba, ndoa na makaburi ya wazazi wetu hapa. Hata hivyo naamini kabisa kwamba darasa lilitufanya Watanzania miaka mingi kabla ya sheria kutufikia.

Ukiuliza kwa nini sisi tulipewa mtaala wa Tanzania na wenzetu wa baadaye wakanyimwa, jibu halimo katika elimu, limo katika siasa. Sisi tulipokewa na serikali iliyowagawia wakimbizi ardhi na kuwaona kama sehemu ya ukombozi wa Afrika. Wa miaka ya tisini walipokewa na nchi iliyokwisha kulemewa. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilitungwa katika hali hiyo, na tangu hapo mkimbizi alitazamwa kama mtu wa kurudi kwao. Shule ya kambini ikafuata mtazamo huo.

Mwalimu mwenzako, Rumonge

Mwalimu, nimesoma maelezo ya ndugu yetu wa Mishamo kwa heshima, lakini niwaeleze yaliyowakuta waliochagua kurudi. Familia za mwaka 1972 zilizorejea kuanzia 2008 zilifikia zaidi katika maeneo yetu ya kusini mwa Burundi, Rumonge na Makamba. Watoto wao walikuja na Kiswahili kizuri na Kirundi cha kuzungumza, lakini hawakuweza kuandika Kirundi wala kufuata somo lolote kwa Kifaransa. Kijana aliyekuwa amefika darasa la sita Tanzania aliketishwa na watoto wadogo wa darasa la pili au la tatu. Nimewaona walioacha shule kwa aibu, na wengine wakavuka mpaka kurudi Tanzania bila ruhusa ya mtu ili tu wamalize masomo. Waliorudi kutoka kambini baada ya mwaka 2017, ambao walikuwa wamesoma mtaala wetu, wengi waliingia katika darasa lao bila matatizo hayo. Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza jibu langu ni ndiyo, humsaidia, na msaada wenyewe si mdogo.

Kuna jambo moja linalonisumbua zaidi ya lugha. Mtaala wa nyumbani hubeba pia ukimya wa nyumbani. Kambini wameketi watoto wa familia zilizokimbia kwa sababu tofauti, na wengine wao kwa sababu zinazopingana. Mwalimu anapofika katika historia ya 1972 au ya 1993, mwaka alipouawa Rais Ndadaye na vita vikaanza, hana simulizi ambalo Warundi wote wamekubaliana nalo, na mara nyingi huruka sura hiyo. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilisimamisha kwa miaka mingi ufundishaji wa historia ya nchi mashuleni, kwa sababu somo lilelile ndilo lililokuwa limetumika kuwatenganisha watu. Sisi hatukusimamisha rasmi, ila matokeo darasani yanafanana: mtoto anajua mito na majimbo ya nchi yake, wala hajui kwa nini babake aliikimbia.

Mama wa Nakivale

Salamu kutoka Uganda. Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, na watoto wangu watatu wanasoma katika shule ya makazi ya Nakivale pamoja na watoto wa Kiganda, kwa mtaala wa Uganda, kama ilivyo desturi ya nchi hii. Faida yake ni kwamba mtihani wa mwisho wa msingi wanaoufanya ni uleule wa wenyeji, na cheti chake hakuna sekondari ya Uganda inayoweza kukikataa.

Lakini gharama ipo, nayo huanguka juu ya mtoto mkubwa. Mwanangu wa kwanza alifika akiwa amesoma miaka mitano kwa Kifaransa. Hapa madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya eneo, ambayo kwetu ni Kinyankole, na kuanzia darasa la nne ni Kiingereza, kwa hiyo alirudishwa nyuma hadi akawa mrefu kuliko wenzake wote darasani. Mdogo wake aliyeanzia hapa hana shida hiyo, isipokuwa hawezi kumwandikia bibi yake aliyebaki Uvira barua ya Kifaransa.

Ningependa mkumbuke pia kwamba shule ya uhamishoni inaweza kuibadilisha nchi ya nyumbani. Watutsi waliokimbilia Uganda tangu mwaka 1959 walizaa watoto waliosoma kwa Kiingereza. Watoto hao ndio waliorudi na kushika madaraka mwaka 1994, na mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kuwa masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Ugomvi wa Kigali na Paris ulichangia, na kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki pia, lakini bila kizazi kile kilichosomea ugenini uamuzi huo ungekuwa mgumu kuufikiria. Waliolipa ni walimu wa vijijini, ambao ghafla walitakiwa kufundisha kwa lugha wasiyoijua.

Mwalimu wa Kasulu

Nawashukuru sana, hasa wewe mama, kwa mfano wa watoto wako wawili. Naona kwamba anayechagua mtaala anabashiri mtoto ataishia wapi, na ubashiri ukikosewa, hasara haimpati aliyebashiri. Kwa sababu hiyo sitaki tena kuuliza mtaala upi ni bora. Nauliza ni kitu gani kinachoweza kumfaa mtoto kokote atakakoishia. Kwa watoto wa Kikongo walioko Nyarugusu naona Kiswahili cha kuandika kingetosha kuwa mwanzo, maana wengi wanakizungumza tayari, na kukisoma hakuwazuii kufanya mitihani ya kwao. Je, kwa Warundi ingekuwaje?

Mwalimu mwenzako, Rumonge

Ingewezekana, Mwalimu. Burundi ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule zetu za msingi, kwa hiyo mtoto anayekuja nacho hapotezi kitu. Kinachobaki ni karatasi. Mzazi yeyote anayejiandaa kurudi adai ripoti za shule za kila mwaka zenye muhuri kabla hajapanda basi, kwa sababu mkuu wa shule anayempokea mtoto bila ripoti humpangia darasa kwa kumtazama kimo au kwa kumsomesha aya moja ya Kifaransa. Na kwa anayebaki Tanzania mwenye cheti cha kwetu, Baraza la Mitihani hulinganisha vyeti vya nje. Wanafunzi wako wakubwa waelezwe njia hiyo mapema, wangali na walimu wa kuwasaidia kuandika maombi.