Mrejesho: gobore la baba mkwe limeuzika

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuuza gobore la gumegume (linalowasha baruti kwa cheche za jiwe) aliloniachia baba mkwe huku Pennsylvania, Marekani. Ni nakala ya bunduki ya kale, ya kampuni ya Lyman, iliyotengenezwa Italia. Limeuzika, tena kwa bei niliyoitaka.

Aliyenishauri nipige picha ya mtutu kwa karibu, Mungu ambariki. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma, kwa hiyo mnunuzi alianzia hapo. Kwanza alishusha mdeki (kijiti cha kushindilia) mtutuni hadi chini kuhakikisha halijashindiliwa (fanyeni hivyo kila mara, gobore linaweza kukaa na risasi miaka!), kisha akapitisha kitambaa cheupe. Kilitoka na mafuta tu, hakuna kutu. Hapo bei haikubishaniwa tena.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inazihesabu nakala hizi kuwa silaha za kale, hivyo hatukupitia duka lenye leseni. Majimbo mengine yana masharti yake, ulizeni kwanza.

Mnunuzi analitaka kwa msimu wa kuwinda kulungu kwa magumegume, unaoanza baada ya Krismasi. Pembe ya baruti na mawe ya akiba nimempa bure. Asanteni sana.