Dawa ya petroli ya mashine ya boti: ya spiriti au ya etha?

Ngalawa_Wete: Assalaam alaykum. Nataka dawa ya kutia kwenye petroli ya boti, kesho kuna mtu anakuja na meli kutoka Unguja. Dukani zipo mbili, moja ya alkoholi, yaani spiriti, nyengine wameandika etha. Nichukue ipi? Nijibuni leo.

FundiMashine: Waalaykum salaam. Yakhe, mashine ya ngapi? Ya kuchanganya oili au oili yake mbali? Etha gani? Unauliza dawa, ugonjwa hujautaja.

Ngalawa_Wete: Ya nguvu farasi 40. Ikipakia inakosa nguvu.

FundiMashine: Na oili?

Mwana_Nungwi: Chukua alkoholi. Mie mwaka wa tatu natia, kabureta safi kama sahani ya Idi.

Mama_Kemia: Wanangu, etha si kitu kimoja. Ile ya kopo, ya kupulizia dizeli iliyogoma kuwaka, ni etha ya daiethili. Inajiwasha yenyewe kwenye nyuzi 160 hadi 180. Petroli haijiwashi mpaka zipite 240. Haidrojeni zilizo jirani na oksijeni yake hung'oka upesi, zinazaliwa peroksaidi, na zikivunjika moto umeshaanza kabla plagi haijatoa cheche. Kwenye mashine ya petroli utasikia inagonga. MTBE, inayochanganywa kwenye petroli, nayo ni etha, lakini tabia yake kinyume: ikipata joto hukatika ikatoa isobutini, na hiyo hunasa vile vipande vikali vinavyoeneza moto. Oktani yake, yaani kipimo cha kuhimili kugonga, inapita 110. Ethanoli, ndiyo alkoholi ya spiriti, pia inazuia kugonga, na ikivukiza hupoza hewa inayoingia, maana hula joto zaidi ya mara mbili ya petroli.

Mwana_Nungwi: Si nilisema alkoholi?

Kojani_2: Mwana_Nungwi, usimpoteze mwenzio. Mie nilitia spiriti masika yaliyopita. Dumu lilikuwa nusu, likalala pwani siku tisa na mfuniko haukukaza. Asubuhi nikatia kwenye tangi, tukaondoka Fundo na magunia ya dagaa. Katikati ya mkondo mashine ikakohoa, ikapiga kelele kama ya bati linaloburutwa, kimya. Nikamimina mafuta ya tangi kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaiinua juani: juu petroli na oili yake, chini vidole viwili vya kitu cheupe, ukinusa ni spiriti. Alkoholi imevuta maji, ikajitenga na petroli, ikazama nayo. Mpira wa mafuta unanyonya chini. Kwa hiyo mashine ilikuwa inakunywa maji na spiriti, bila ya oili! Pistoni imechanika ubavuni. Tumekokotwa hadi Wete na ngalawa ya tanga, mwenyewe anatuimbia njia nzima.

Mwana_Nungwi: Hilo kosa la mfuniko, si la spiriti.

Kojani_2: Nani pwani ana mfuniko unaokaza?

FundiMashine: Hata spiriti kavu, isiyoingia maji, ina lake. Kabureta imepimwa kwa petroli, kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Ethanoli inataka 9 tu, kwa sababu theluthi ya uzito wake ni oksijeni. Usipobadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, hewa inazidi na pistoni inachemka. Na lita ya ethanoli ina theluthi pungufu ya nguvu ya lita ya petroli. Anaelalamika mashine haina nguvu anunue hiyo?

Bi_Mkoani: Basi MTBE. Haivuti maji hivyo.

Mama_Kemia: Haivuti, lakini ikimwagika inapenya ardhini upesi na haiozi haraka. California waliikataza kuanzia 2004 kwa ajili ya visima. Kidogo tu maji yananuka dawa. Sie tunakunywa ya visima, mawe yetu yana matundu.

Bi_Mkoani: Cha kwetu kimeshaingia chumvi, mwalimu. Afadhali kingenuka.

Mwana_Nungwi: Kwani madumu ya lita ishirini Mkoani mnauziwa bei gani? Huku wanatuchuna.

Bi_Mkoani: Njoo uchukue ya mafuta ya kula, ila yaoshe.

Ngalawa_Wete: Samahanini, nilikuwa msikitini. Mashine ni ya kuchanganya oili. Ila bado sijainunua, ya shemegi, anasema dawa tu itaiponya.

FundiMashine: Loo! Plagi umezifungua ukazitizama?

Ngalawa_Wete: Spana anayo yeye.